Simu Inayojizima Yenyewe: Kutafuta Kasoro ya Memori Ndani ya Draiva

Mama mmoja anayeuza viazi karai Kibokoni, hapa Mombasa, alinijia mezani asubuhi moja.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Simu hii yanizimikia kila nikitaka kupiga picha. Yazima, kisha yajiwasha yenyewe. Betri nimetiliwa mpya, tundu la chaji limebadilishwa, juzi fundi mwengine akanifutia kila kitu. Picha za harusi ya mjukuu wangu zimekwenda, na ugonjwa uko pale pale.”

Alikuwa amelipa mara tatu, na katika mafundi wote hao hakuna aliyesoma simu yenyewe iliandika nini kabla ya kuanguka. Nayo huandika. Mwongozo huu nimeutunga kwa ajili ya wenzangu wenye meza za ufundi kuanzia Digo Road hadi Mwembe Tayari, na kwa yeyote mwenye simu ya Android na kompyuta, hata ya kuazima.

Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo wa simu na kifaa fulani: kamera, Wi-Fi, spika, chipu ya michoro. Katika Android draiva nyingi hukaa ndani ya kiini cha mfumo, ambacho ni Linux, na karibu zote zimeandikwa kwa lugha ya C. C humwachia mwandishi ajihesabie memori mwenyewe: aiombe, aitumie, airudishe. Nikisema memori nakusudia RAM, ile ya kufanyia kazi, wala si kadi ya kuwekea picha. Programu ya kawaida ikikosea hesabu hiyo hufa peke yake na simu ikaendelea. Draiva ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuidaka, kwa hivyo simu nzima huanguka. Na kuanguka ndiko kwepesi. Kosa hilo hilo likishikwa na mtu anayejua alitendalo, humpa uwezo wa kuandika atakacho ndani ya kiini, na akishafika huko, ruhusa zote ulizozikataa hazimzuii tena: atasoma ujumbe, atafungua maikrofoni. Kwa sababu hiyo sikubali fundi amwambie mteja “izoee tu”.

Anza na chumvi, joto na betri

Simu nyingi zinazojizima ambazo hufika mezani kwangu hazina kasoro ya draiva. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na tundu la chaji ndilo la kwanza kuumia: ukilitazama kwa lenzi utaona ukungu wa kijani juu ya vyuma. Safisha hapo kabla ya kuwaza lolote jingine.

Betri dhaifu huzima simu ikiwa bado inaonyesha asilimia ishirini au thelathini, hasa pale kitu kinapovuta umeme mwingi kwa ghafla. Kamera ni mojawapo ya vitu hivyo, na hapo ndipo wengi walipopotea kwa simu ya yule mama. Jaribio lake ni rahisi: iunganishe na chaja nzuri, kisha rudia kile kile kinachoiangusha. Ikianguka hata ikiwa kwenye chaji, na betri ni nzima, acha kuisumbua betri. Joto nalo lina alama zake. Simu iliyokaa juu ya dashibodi ya tuktuk saa saba mchana hujizima ili kujiokoa, na huandika kwamba imezimwa kwa joto.

Neno moja kwa wenye iPhone. Ikiwa simu inajiwasha upya kila baada ya dakika tatu hivi, na hilo limeanza baada ya kubadilishiwa tundu la chaji, fungua Mipangilio, sehemu ya faragha, kisha takwimu za uchambuzi, utafute faili zinazoanza na `panic-full`. Ukikuta ndani yake maneno `missing sensor`, kuna kihisio ambacho mfumo haukipati, na mara nyingi ni waya bapa wa tundu la chaji ulio mbovu au haukukaa sawasawa. Hilo ni la mikono na halihusiani na memori.

Huanguka wakati gani?

Mwulize mwenye simu swali hili, na umwache amalize kueleza. Simu inayoanguka ovyo, mara ukiwa unapiga simu, mara iko mfukoni, huelekeza kwenye umeme au chipu ya RAM iliyolegea baada ya kudondoka. Simu inayoanguka kwa tendo moja lile lile huelekeza kwenye draiva.

Ikiwa ni kamera, usimalize uchunguzi kwenye kamera. Picha unayoiona kiooni kabla ya kubonyeza hupitia chipu ya michoro, kwa hivyo jaribu pia mchezo wenye picha nzito au ramani ya kuzungusha. Simu ya mama ilianguka kwa vyote viwili. Kamera haikuwa na kosa lolote.

Ikiwa ni Wi-Fi, simu huwa nzima nyumbani Kisauni lakini ikifika karibu na mtandao fulani mjini inaanguka. Iweke katika hali ya ndege ukiwa pale pale. Ikitulia, umepata mshukiwa. Usidhani mtu lazima abonyeze kitu ndipo aathirike. Mwaka 2017 mtafiti Nitay Artenstein alionyesha kasoro ya kufurika kwa memori kwenye chipu za Wi-Fi za Broadcom, ikaitwa Broadpwn. Chipu hizo zilikuwa ndani ya simu za Android na za iPhone, na mwenye simu hakuhitaji kugusa chochote. Ilitosha Wi-Fi iwe imewashwa. Viraka, yaani masahihisho ya kuziba kasoro, vilitoka Julai mwaka huo.

Ikiwa ni USB, yaani simu inaanguka ukichomeka kifaa fulani, usilichukulie kwa wepesi. Nitalirudia hapa chini.

Kuna jaribio moja linalopotosha watu: hali salama, ile ambayo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Simu ikitulia katika hali hiyo, mafundi husema “ni programu fulani,” wanaifuta, wanapokea pesa. Ni kweli programu hiyo ndiyo iliyobonyeza mahali penye kidonda, lakini kidonda hakikuletwa nayo. Programu ya kawaida haitakiwi kuweza kuangusha kiini, hata iandikwe vibaya namna gani. Ikiweza, basi mlango uko wazi ndani ya draiva, na programu nyingine itaukuta wazi kesho.

Kuisoma simu

Kwenye Mipangilio fungua chaguo za wasanidi kwa kubonyeza namba ya muundo mara saba, washa utatuzi kupitia USB, unganisha kompyuta. Kisha uulize kwa `adb`, programu ya kompyuta ya kuzungumza na simu ya Android:

`adb shell getprop sys.boot.reason`

Jibu likiwa `shutdown,thermal`, ni joto. Likiwa `shutdown,battery`, ni betri. Likiwa `kernel_panic`, kiini kimeanguka, na sasa kuna kitu cha kusoma:

`adb shell dumpsys dropbox --print SYSTEM_LAST_KMSG`

Ukikuta patupu, chukua ripoti kamili kwa `adb bugreport`, uifungue na utafute sehemu yenye maneno `LAST KMSG`. Makosa ya programu zilizo nje ya kiini yamo katika folda ya `tombstones` ndani ya faili hiyo hiyo ya zipu.

Mambo mawili kuhusu ushahidi huu. La kwanza, maneno ya mwisho ya kiini huhifadhiwa katika kipande cha RAM ambacho hubaki hai tu ikiwa umeme haukukatika. Simu ikianguka, iache ijiwashe yenyewe. Ukishikilia kitufe kwa pupa au ukichomoa betri, umefuta barua ya marehemu. La pili, ripoti hiyo hubeba mengi ya mwenye simu: akaunti zake, majina ya Wi-Fi, programu azitumiazo. Omba ruhusa kabla ya kuichukua, ifute ukimaliza, na uzime utatuzi wa USB kabla ya kumrudishia simu yake.

Ndani ya maandishi hayo tafuta mstari unaoanza na `Unable to handle kernel`, kisha mstari wa `pc`, ambao hutaja kazi iliyokuwa ikitendeka simu ilipoanguka. Herufi za mwanzo za jina la kazi hiyo hukuambia draiva: `kbase_` ni chipu ya michoro ya Mali, `kgsl_` ni Adreno ya Qualcomm, `uvc_` ni kamera za USB, `snd_` ni sauti, `dhd_` ni Wi-Fi ya Broadcom, `binder_` ni njia ya programu kuzungumza zenyewe kwa zenyewe.

Usihukumu kwa anguko moja. Mimi huhitaji matatu. Yote matatu yakitaja kazi ile ile, kosa liko kwenye msimbo, yaani maandishi ya draiva yenyewe. Yakitaja kazi tatu tofauti zisizohusiana, rudi kwenye RAM na umeme. Simu ya mama ilitaja `kbase_` mara zote tatu, na kila mara kwa anwani hii:

`Unable to handle kernel paging request at virtual address dead000000000108`

Anwani hiyo inasema nini

Hapa ndipo fundi mwenye subira hupata malipo yake, kwa sababu anwani iliyoshindikana hutaja aina ya kosa.

Anwani ndogo karibu na sifuri, kama `0000000000000018`, ina maana draiva ilitumia kielekezi kitupu (kielekezi ni namba inayosema kitu kiko wapi ndani ya memori). Simu huanguka, lakini kuligeuza kosa hilo kuwa shambulizi ni kazi ngumu, maana mfumo hauruhusu programu kujiwekea kitu kwenye anwani ya sifuri.

Anwani inayoanza na `dead`, hasa `dead000000000100`, `108` au `122`, haikutokea kwa bahati. Linux ikitoa kitu kwenye orodha, huandika sumu hiyo makusudi mahali pa viungo vyake, ili atakayerudi kuvitumia aanguke papo hapo. Ukiiona, jua kwamba kitu kimoja kimeondolewa mara mbili, au kimetumiwa baada ya kuondolewa. Ndugu yake ni `6b6b6b6b6b6b6b6b`, sumu ya memori iliyokwisha kuachiliwa, ingawa hiyo huonekana tu kwenye kiini kilichojengwa kwa ukaguzi.

Anwani yenye herufi zinazosomeka, kama `4141414141414141` ambayo ni A nane mfululizo, huonyesha kwamba maandishi yamefurika kutoka mahali pake na kufunika kielekezi.

Halafu kuna anwani inayokaribia kuwa sahihi, iliyokosea biti moja tu, yaani tarakimu moja ya 0 au 1. Hiyo nilikuwa nikiihesabu kuwa kosa la programu mpaka nilipoikuta kwenye simu iliyodondoka mara kadhaa, na kila anguko la mfumo likawa na kazi tofauti. Biti moja ikigeuka huku kazi zikibadilikabadilika, shuku chipu ya RAM yenyewe.

Makosa yenyewe

Lile la kutumia memori iliyokwisha kuachiliwa ndilo ninalolikuta zaidi. Chukua nyumba ya vyumba vya kupanga pale Majengo. Mpangaji amehama na kurudisha ufunguo mmoja, wa pili amebaki nao. Mwenye nyumba amekwisha kumpangisha mtu mwingine. Siku moja yule wa kwanza anarudi, anafungua, anavipanga vitu upya akidhani ni vyake. Draiva hufanya hivyo: sehemu moja imerudisha kipande cha memori, sehemu nyingine bado ina kielekezi. Mshambuliaji naye hujipangisha mwenyewe kwenye chumba hicho kilichoachwa, akakijaza vitu alivyovitengeneza, ili draiva ikirudi ivichukue kuwa vyake na kuvitii.

Mfano wa kweli ni kosa lililosajiliwa kwa namba CVE-2019-2215, ndani ya Binder. Programu ya majaribio ya syzkaller ililigundua kosa hilo Novemba 2017, na kufikia mapema mwaka 2018 lilikuwa limezibwa kwenye Linux. Lakini kiraka hakikufika kwenye simu nyingi. Oktoba 2019 Maddie Stone wa kikundi cha Project Zero cha Google alitangaza kwamba kosa hilo bado lilikuwa wazi kwenye simu kama Pixel 2 na Redmi 5A, na kulikuwa na dalili kwamba lilikuwa likitumiwa. Dawa ilikuwapo, wagonjwa hawakuipata.

Lile la kuandika nje ya mpaka lina mfano ninaoupenda kwa jinsi ulivyo wazi. Draiva ya kamera za USB katika Linux huhesabu kwanza aina za picha ambazo kamera inasema inaziweza, inatenga nafasi kwa idadi hiyo, kisha inaziandika. Kasoro ya CVE-2024-53104 ni kwamba aina fulani isiyojulikana haikuhesabiwa mara ya kwanza lakini iliandikwa mara ya pili. Ni kama kuagiza sahani za pilau kwa kuhesabu wageni wenye kadi, kisha ukawaketisha na wasio na kadi. Kosa hilo lilikaa tangu mwaka 2008. Kiraka chake kiliingia kwenye taarifa ya Android ya Februari 2025, na mwezi huo huo Amnesty International ikaeleza jinsi mlolongo wa kasoro za draiva za USB, hii ikiwa mojawapo, ulivyotumiwa kufungua simu iliyofungwa ya mwanafunzi mwanaharakati nchini Serbia. Aliyeishika alichomeka kifaa kinachojidai kuwa kamera.

Basi nikiona simu inayoanguka kwa kifaa kimoja cha USB, siiti “waya mbaya” mpaka nimesoma maandishi.

La tatu ni la kupima kisha kubadilishiwa. Pale soko la Kongowea gunia limepimwa kwenye mizani, na kabla halijafika garini limebadilishwa na jingine. Draiva husoma urefu kutoka kwenye memori ya programu, inaukagua, unafaa. Kisha inausoma tena wakati wa kuutumia, na kati ya masomo hayo mawili uzi mwingine wa programu, yaani kazi yake nyingine inayokwenda sambamba, umeubadilisha. Dalili yake ni anguko linalokuja mara moja kati ya mamia, na hupotea ukijaribu kulifuatilia polepole.

La nne ni hesabu inayozunguka. Namba ya biti 32 haipiti 4,294,967,295. Programu ikiomba vipande 268,435,457 vya baiti 16, jawabu linazunguka na kuwa 16. Draiva inatenga baiti 16, kisha inaandika mabilioni.

Kwa nini chipu ya michoro kila mara?

Kwa sababu kila programu inahitaji kuchora. Faili ya `/dev/mali0` au `/dev/kgsl-3d0` iko wazi kwa programu yoyote uliyoipakua, bila kuomba ruhusa hata moja. Kamera huomba ruhusa, maikrofoni huomba, chipu ya michoro haiombi. Google yenyewe imesema kwamba tangu 2021 mashambulizi mengi dhidi ya draiva za kiini cha Android yamelenga hapo.

Jua basi simu ya mteja ina chipu gani. Helio G85 na G99 za MediaTek, ambazo zimejaa mtaani kwetu, zina Mali; Helio G25 na G35 zina PowerVR. Kati ya Juni na Julai 2022 Jann Horn wa Project Zero aliripoti kasoro tano za draiva ya Mali. Kampuni ya Arm ilizirekebisha Julai na Agosti. Novemba wenzake walipopima simu za Pixel, Samsung, Xiaomi na Oppo walizokuwa nazo zenye Mali, zote zilikuwa bado wazi. Kiraka hutoka kwa mtengeneza chipu, kikapitia kwa mtengeneza simu, na kila kituo kina foleni.

Dawa

Kuifuta simu hakutibu kasoro ya draiva. Draiva haikai pamoja na picha na ujumbe wa mteja. Iko kwenye sehemu ya mfumo ambayo kufuta hakuigusi. Mama alipoteza picha za harusi bure.

Kuflashi, yaani kuutia mfumo upya kutoka kwenye kompyuta, nako kwahitaji uangalifu. Faili uliyoitoa kwenye kikundi cha Telegram huenda ikawa ya zamani kuliko iliyokuwamo, na hapo umeirudisha simu kwenye matundu yaliyokwisha kuzibwa. Ukilazimika, tumia toleo rasmi na ulinganishe tarehe kabla.

Kinachotibu ni kiraka cha usalama, nacho kina tarehe ambayo wengi huisoma vibaya. Andika:

`adb shell getprop ro.build.version.security_patch`

Tazama namba mbili za mwisho. Tarehe inayoishia kwa 01 ina maana viraka vya juu juu vya Android vimeingia. Inayoishia kwa 05 ina maana na vya kiini na draiva za watengeneza chipu vimeingia pia. Simu yenye `2024-06-01` haina uhakika wa kupata dawa zote za draiva za mwezi huo. Kisha ulinganishe na `ro.vendor.build.security_patch`, na tarehe ya kiini itokayo kwa `adb shell uname -a`. Kiini kilichojengwa miaka miwili kabla ya tarehe inayoonyeshwa kwenye Mipangilio kinahitaji maelezo.

Watu huchanganya pia sasisho la mfumo la Google Play na sasisho la usalama. Yako jirani kwenye Mipangilio, na lile la kwanza laweza kuwa la mwezi huu huku la pili likiwa la mwaka juzi. Sasisho la Google Play haliletei simu draiva mpya za kiini.

Kwa mwenye simu, kilichobaki ni kupunguza milango. Kwa kuwa programu yoyote inaweza kuifikia chipu ya michoro, ile APK (faili ya kuwekea programu) ya mikopo uliyotumiwa kwa WhatsApp, au WhatsApp yenyewe iliyochakachuliwa, ndiyo njia iliyo rahisi zaidi kwa mshambuliaji. Usiiweke. Zima Wi-Fi na Bluetooth ukiwa huzitumii. Ukilazimika kuiacha simu mikononi mwa mtu usiyemjua, izime kabisa kwanza: simu iliyowaka na haijafunguliwa kwa PIN tangu iwake, data zake bado zimefungwa kwa ufunguo ambao kiini chenyewe hakina.

Kwa anayeandika draiva

Najua wapo, wakiwemo vijana wa chuo pale Tudor wanaojenga vifaa vya Android vya kuuzia tiketi na kupokea malipo, na hawa huchukua draiva ya mtengeneza chipu kama ilivyo. Jengeni kiini kwa KASAN, kikaguzi cha memori cha Linux, mkiwa majaribioni. Ripoti yake hutaja mahali pa kosa, aliyeitenga memori na aliyeiachilia, na hayo matatu pamoja yamenimalizia kwa saa moja kazi ambayo ingenila wiki. KASAN ni nzito mno kwa kifaa cha mteja. Huko wekeni KFENCE, iliyoingia Linux 5.12, ambayo hukagua sampuli ndogo na haionekani kwa kasi. Endesheni syzkaller usiku kucha dhidi ya kila `ioctl`, yaani kila amri ambayo programu huweza kuipa draiva yenu.

Katika msimbo wenyewe: someni data ya programu mara moja tu kwa `copy_from_user`, kisha mfanye kazi na nakala. Zidisheni kwa `check_mul_overflow` au mtumie `kmalloc_array`. Hesabu za marejeo ziwe `refcount_t`, isiyokubali kuzunguka. Kwenye SELinux, mlinzi wa ruhusa ndani ya kiini, orodhesheni `ioctl` zinazohitajika na mfunge nyingine. Na draiva ambayo kifaa hakiitumii itolewe kabisa. Kifaa cha tiketi hakihitaji draiva ya kamera ya USB.

Draiva mpya iandikwe kwa Rust inapowezekana. Linux imeikubali tangu toleo la 6.1, Desemba 2022, na kikaguzi chake hukataa kujenga programu iliyobaki na ufunguo wa chumba kilichohamwa. Google ilieleza mwaka 2024 kwamba sehemu ya kasoro za Android zitokanazo na memori ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24, baada ya msimbo mpya kuandikwa kwa lugha salama. Sehemu kubwa ya msimbo wa zamani haikuguswa. Walibadilisha tu kile walichokuwa wakikiongeza.

Kuna pia ulinzi wa chipu yenyewe, MTE, uliofika kwenye simu za Pixel 8 mwaka 2023: kila baiti 16 za memori hupewa alama moja kati ya 16, na kielekezi chenye alama isiyolingana hukataliwa. Ni kinga nzuri nayo ina mpaka. Man Yue Mo wa GitHub aliipita mwaka 2024 kupitia kasoro ya draiva ya Mali, kwa sababu chipu ya michoro hugusa memori kwa njia yake ambayo ukaguzi huo hauioni.

Simu isiyopata kiraka tena

Simu ya mama ilikuwa imeachwa na walioitengeneza. Kiraka cha mwisho kilikuwa cha zaidi ya miaka miwili nyuma, na hakuna kingine kilichokuwa kinakuja. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kumficha. Akaniuliza swali la mtu anayefanya biashara: “Na pesa zangu je?”

Wateja wake humlipa kwa M-Pesa, na laini hiyo ilikuwa ndani ya simu hiyo. Tukaitoa, tukaitia kwenye kabambe ya vitufe aliyokuwa nayo nyumbani, ambayo menyu ya M-Pesa hufanya kazi vizuri kupitia kadi ya simu. Ile kubwa tukaiondolea programu za benki na kila APK iliyotoka nje ya Play Store, ikabaki ya kutazama video na kuzungumza na wajukuu. Kamera bado huiangusha. Picha za harusi tulizipata chache, kwa mwanawe aliyekuwa ametumiwa siku ile.